Barua Niliyoisoma Mpaka Nukta

Mlio wa mundu mmoja ukikata nyasi bado ninao masikioni, mwanangu. Huku kwetu Maguu, msimu wa kuandaa ngolo, mashamba yetu ya mashimo mlimani, ukifika, miundu hulia kumi, kumi na tano, mlima mzima, na wanaume wanataniana huku wanakata. Asubuhi ile ulilia mmoja tu. Shwaa. Kimya. Shwaa. Aliyekuwa anakata ni Kosmasi, mtoto wa baba yangu mkubwa, na aliyemfanya akate peke yake ni mimi.

Kaa nikueleze.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Maduka ya Mbinga yamejaa vitu, mitumba imefika mpaka gulioni kwetu, wanunuzi wa kahawa wanapanda mlima na magari yao wenyewe. Mimi nimemaliza darasa la saba na kichwa kimejaa ndoto. Nilitaka kuwa mtangazaji wa redio. Usicheke. Nachambua kahawa huku natangaza, "Hapa ni Maguu, mimi ni Yustina," na mama ananikatiza, "We redio, angalia, mbovu unazichanganya na nzima." Kwa kuwa nilisoma upesi bila kugugumia, wazee wote waliniletea barua zao niwasomee. Nikajiona mtu.

Kosmasi alikuwa wa kwanza katika ukoo wetu kufika chuo kikuu. Akija likizo ananiletea magazeti ya zamani nifanyie mazoezi. Anakaa juu ya gunia, ananisikiliza mpaka mwisho, kisha anasema, "Punguza haraka, Yusta. Acha watu wapumue." Hakuna mwingine aliyeichukua ndoto yangu kama jambo la maana.

Wewe umekulia mjini, labda sengu hujaiona. Wanaume wa ukoo walikula pamoja nyumbani kwa mzee, kila nyumba inaleta sahani yake, na mambo ya ukoo yanasemwa hapohapo kwenye chakula. La mmoja ni la wote. Ulikuwa utaratibu mzuri, ulilisha yatima wengi, nami siutukani. Lakini sengu haikuwa na mlango wa pembeni. Kitu kikifika pale, kimefika kwa kila mtu.

Siku moja ikaletwa barua, imepitia sanduku la posta la parokiani. Baba Mkubwa akaniita, kidole chake tayari kina ugali.

"Yustina! Njoo utusomee. Ya chuo hii. Bila shaka kijana anakaribia kumaliza."

Nikasimama mbele yao, nikakohoa kidogo, nikaanza kwa ile sauti yangu ya redio. Sasa sikiliza hapa, mwanangu. Unaposoma, macho yanatangulia mdomo. Niliyaona maneno kabla sijayafikia. Niliona "amefukuzwa." Niliona "mahusiano yasiyo ya maadili na mwanafunzi mwenzake wa kiume." Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kusema karatasi imelowa, kisha nikamwita Baba Mkubwa pembeni. Sikunyamaza. Nilikuwa naipenda sauti yangu, na watu wote wananitazama. Nikasoma yote mpaka nukta ya mwisho, pamoja na cheo cha aliyetia saini.

Hakuna aliyemeza tonge.

"Ikunje," Baba Mkubwa akasema. Nikaikunja.

Kosmasi alifika siku ya nne, kashushwa na lori la mahindi, akapanda mlima kwa miguu na sanduku begani. Aliwakuta wamekaa kwenye chakula.

"Shikamoo, baba."

Nilikuwa nimesimama na sahani ya nyumbani kwetu. Nilingoja marahaba. Nadhani mpaka leo naingoja. Kosmasi akanawa, akakaa mahali pake. Baba mdogo mmoja akakumbuka mbuzi wake kamba imelegea. Mwingine akasema moshi unamwumiza macho, na moto ulikuwa umezimika zamani. Wakaondoka mmojammoja, wa mwisho baba yake. Kosmasi akabaki na sahani sita. Akala matonge matatu, polepole, akazifunika zote vizuri, akanishukuru mimi kwa chakula.

Hawakumfukuza, usidhani. Walimwacha tu aishi.

Akaamua kulima. Ngolo, nikukumbushe, ni kazi ya mikono miwili. Mwanaume anakata nyasi na kuzilaza mlimani kwa mistari, zinakuwa miraba. Mwanamke anakuja na jembe, anachimba udongo katikati ya kila mraba na kuufukia juu ya zile nyasi, linabaki shimo la kushika maji. Bila mwanamke, nyasi za mwanaume ni takataka tu zinazokauka. Kosmasi alikata siku tatu, akazilaza kwa mistari iliyonyooka kuliko ya mtu yeyote, kisha akakaa kwenye jiwe akingoja.

Tulipita, wanawake tisa na majembe, tukielekea shamba la jirani.

"Msomi, umepimia rula?" mmoja akamrushia.

"Nyasi zake zifukiwe na huyo mchumba wake wa chuo!" akasema mwingine.

Walicheka. Nami nilicheka, mwanangu. Sikucheka sana, ila nilicheka.

Jioni alinikuta kisimani. Akanitwisha ndoo kama zamani.

"Ulisoma vizuri, Yusta," akasema. "Wameniambia. Hukuruka neno."

Nikaanza kulia. Akaniambia nisilie, maji yatamwagika. Ndipo akanisimulia ya chuoni. Jinsi wanafunzi wenzao walivyovunja sanduku na kutoa barua zao, yeye na kijana mmoja wa Liuli, kule ziwani, waliopendana. Jinsi majina yalivyobandikwa ubaoni mlangoni pa bwalo, na watu wakayasoma kwa sauti huku wamepanga foleni ya chakula. Jinsi walivyoitwa mbele ya kamati, mmojammoja, wakaahidiwa kwamba atakayetaja wengine atasamehewa.

"Ukataja?"

"Ningetaja, ningekuwa darasani sasa hivi."

Keshoye alishuka ziwani kumtafuta yule kijana. Hakumkuta. Ndugu zake walikuwa wamempakia mtumbwi wakampeleka ng'ambo, na hakuna aliyetaka kusema ni kijiji gani. Kosmasi akabaki Mbamba Bay akiwaanikia watu usipa, vile visamaki vya ziwani. Mwaka wa pili malaria ikampanda kichwani. Habari ilitufikia ameshazikwa, na waliomzika ni wavuvi, hawakujua hata jina la ukoo wake.

Baba Mkubwa aliishi miaka mingi baada ya hapo. Alipokuwa hawezi kuamka tena, aliniita, akaitoa ile barua chini ya mto.

"Isome tena, Yustina. Pengine ulikosea mahali."

Nikaishika. Nikamwambia, "Baba Mkubwa, sikukosea kusoma. Nilikosea kusoma mbele ya watu." Akageukia ukutani. Akasema, "Na mimi alinisalimia."

Basi, mwanangu, siku ukipewa jambo la mtu mikononi, litazame kwanza ni la nani kabla mdomo haujafunguka. Watu wakikutaka utaje majina ili wewe upone, nyamaza, hata kama utabaki nyuma darasani. Akija mtu kwenye chakula ambaye wenzako wanainuka kwa sababu yake, wewe kaa. Huhitaji hotuba. Kaa, ule naye. Na anayekusalimu, mwitikie, awe amempenda nani. Salamu haiulizi hilo.

Mungu akupe ulimi mzito pale wengine wanapokimbilia kusema. Akupe meza isiyopungukiwa mtu. Usije ukazeeka ukiwa na mlio kama huu wangu masikioni.

Moja sijawahi kumwambia mtu. Asubuhi aliyoondoka Kosmasi, kabla wanawake hawajatoka, nilipanda mlimani na jembe la mama. Nyasi zake zilikuwa zimeanza kugeuka njano. Nikachagua mraba wa pembeni kabisa, karibu na lile jiwe, nikachimba katikati, nikafukia pande zote nne, nikachomeka maharage. Shimo moja tu. Kisha nikafuta udongo kwenye jembe kwa majani, mama asijue, nikashuka.