Mke Wangu Anasoma Kiingereza, na Mjomba Wake Anakuja Ijumaa

Admin, naomba unifichie jina, maana mke wangu anaufuata ukurasa huu. Salaam kwenu wote. Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na moja, naishi Mtanda hapa Lindi na shamba langu la korosho liko Milola. Nina mke na binti mmoja. Mke wangu nitamwita Mama Fatu. Anapika kwenye nyumba moja ya wageni, na mwenye nyumba alimwambia akijua Kiingereza atamtoa jikoni amweke mapokezi. Ndiyo akaanza tuisheni. Wako wanawake wanne na dereva wa bajaji mmoja, wanasoma baada ya alasiri. Mwalimu ni kijana mtanashati, mgeni hapa mjini, hana mke. Hilo la mke nililiulizia mwenyewe.

Mwanzoni nilicheka tu. Mwanamke anasonga ugali huku ananong'ona say, tell, speak, talk. Nikamuuliza yote hayo maana yake nini. Akasema ni kusema, ila kila moja lina mahali pake. Nikamwambia kama yote ni kusema basi mwalimu wenu anawaibia. Akaendelea na ugali wake. Siku hiyo usingizi ulikuja kwa shida. Mwanaume anamfundisha mke wangu namna nne za kusema, na mimi namna moja tu ninayoijua sikumbuki lini mara ya mwisho aliitumia kwangu kwa furaha.

Sasa kwetu msimu wa korosho ukifika mtu na mkewe wanahamia shamba. Mnajenga kibanda, mnaokota, mnalala huko huko mpaka muuze. Mwaka huu Mama Fatu akasema haendi, hawezi kukosa masomo. Nikaenda peke yangu. Kila jirani wa shamba aliyepita aliniuliza mwenzangu yuko wapi, na nikisema yuko darasani wanatazamana. Mdogo wangu wa kike ndiye aliyenimaliza. Alinipigia simu akasema, "Kaka, huyo anafundishwa kukusema mbele yako na wewe unacheka naye." Tangu hapo kila korosho niliyookota niliiokota na hasira.

Sisi Wamwera mambo ya ndoa hayaendi kwa baba, yanaenda kwa mjomba wa mwanamke. Mjomba wake yuko hapo hapo Milola. Nikamfuata, nikampa shikamoo, nikakaa, nikamweleza habari za mke wangu na mwalimu. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza jambo moja.

"Umeona kwa macho yako, au umeambiwa?"

Nikamwambia nimeona. Ndugu zangu, sikuwa nimeona chochote. Lakini ningemwambia nini, kwamba mke wangu ananong'ona jikoni? Akasema atakuja nyumbani kwangu Ijumaa baada ya swala, na kama ni kweli ataondoka na mpwa wake.

Kwa hiyo ilibidi nikaone. Nililiacha shamba na jirani, nikarudi mjini bila kumwambia mtu, nikaenda moja kwa moja pale wanaposomea. Ni kibaraza cha nyuma chenye uzio wa makuti, na makuti yamechoka, yana matundu. Nikasimama nyuma yake.

Siku hiyo walikuwa kwenye mambo ya macho. Mwalimu akawaeleza kwa Kiswahili kwamba see ni kuona tu, jicho limekutana na kitu. Look ni pale unapoligeuza jicho mwenyewe kwa kupenda. Watch ni kuliacha jicho pale pale ukingoja kitu kitokee, kama anavyofanya mtu aliyelala shambani kulinda korosho zake. Akataka kila mtu atoe mfano. Wengine wakataja mpira, tamthilia, mtoto anayeogelea. Ikafika zamu ya mke wangu, akasema maneno ya Kiingereza ambayo mimi niliambulia hazbandi tu. Mwalimu akamwambia awatafsirie wenzake.

"Mume wangu haniangalii," akasema. "Ananichunga."

Wanawake walicheka, halafu wakaacha. Mwalimu akasema mfano uko sahihi, akamgeukia dereva wa bajaji. Basi. Hakumshika mkono, hakumkonyeza, na mimi nilikuwa nimekodoa macho kweli kweli. Iliniuma, nisidanganye, iliniuma kuliko kama ningemfumania.

Nikatangulia nyumbani. Aliporudi alinikuta nimekaa sebuleni, mimi ambaye nilitakiwa niwe Milola. Hakushtuka. Alisema, "Umerudi, Baba Fatu," akaenda kubadili nguo, akaniletea chai. Hakuuliza nimekuja na gari gani wala shamba nimemwachia nani. Hicho ndicho kinachoniumiza kichwa. Je, aliniona kwenye yale matundu? Ule mfano aliutoa kwa ajili ya mwalimu, au alinipa mimi? Na kama alijua nipo, mengine yote niliyoyaona pale si yalikuwa maigizo?

Mnaona nilivyo. Hata sasa sijapona.

Nikimzuia mjomba asije, ataniuliza nilichokiona kimekwenda wapi, na itabidi niseme nilimdanganya mzee mtu mzima. Nikimwacha aje, Mama Fatu atafunga mizigo yake kwa ushahidi ambao sina, na nahisi hatabishana, ataondoka kimya kimya. Nampenda mke wangu. Sijui kama yeye analijua hilo, kwa lugha yoyote.

Leo ni Jumatano. Wenye ndoa zenu na wenye busara, nishaurini, nimwambie nani ukweli kwanza, mjomba au mke? Mke mwenyewe yuko uani anafua, na mimi nimekigeuza kiti changu kielekee uani.