Mpini wa Orrin

Kila Jumanne jioni, kwa miaka kumi na tisa, Ardis Skogen alishuka ngazi za kiwanda cha zamani cha siagi pale Elmdal, kaskazini mwa Minnesota, kwenda kutoboa karatasi. Huko chini ndiko klabu ya bastola ilikokuwa. Watu husimama kwa mstari, mkono mmoja umenyooka, wa pili mfukoni, hupiga risasi thelathini, zile ndogo za kipimo cha ishirini na mbili, kisha hupanda juu kula pai na kusengenyana. Kila risasi ya katikati ni alama kumi, ukizitia zote unapata mia tatu. Ardis, mjane na mstaafu wa posta, mwenye miaka sitini na minane, alipata mia mbili hamsini na kitu, na hakuna aliyemwonea wivu.

Aliyeonewa wivu ni kaka yake mkubwa, Orrin, fundi wa paa, ambaye mia mbili themanini kwake ilikuwa jioni ya kawaida. Bastola yake ilikuwa kuukuu, rangi imechujuka. Lakini mpini! Kwa miaka thelathini, kila baridi ilipoingia, Orrin aliongeza unga wa mbao na gundi hapa, akapiga msasa pale, mpaka kila kidole kikawa na kitanda chake, hata kile kilichokatwa ncha na msumeno. Kwenye klabu ile mtu atakuazima bastola, risasi, hata gari lake. Ila mpini wa mwenzio hautiwi tupa. Sheria hiyo haikuandikwa popote, maana hakuna aliyefikiri itahitajika.

Novemba moja kiharusi kilimwangusha Orrin mbele ya nyumba yake, koleo la theluji mkononi. Mkono wa kulia ukalala. Ardis alipomkuta hospitali, ulimi wake ulikuwa mzito lakini akili ilikuwa mahali pake.

"Chukua bastola," alimwambia. "Uwe unaipiga, isiote kutu. Nitaifuata."

"Sawa, kaka."

"Mkono huu umesahau kila kitu, Ardis. Mpini haujasahau. Nikiushika tu, vidole vitajua pa kwenda."

"Sawa."

Alisema sawa, lakini alikuwa akiutazama ule mdomo uliopinda, na moyoni akamzika pale pale, mwenyewe akiwa bado anapumua. Hilo ndilo kosa lake. Mengine yote yalizaliwa nalo.

Mwanzoni alibadilisha springi tu, na hapo alikuwa na haki, kwani bastola ilikuwa inakwama. Kisha triga ya kufyatulia, kwa sababu ile ya zamani ilitaka kidole cha fundi wa paa. Mwezi Januari akaondoa vyuma vya kulengea, akafunga kioo chenye nukta nyekundu, macho yake yakashukuru. Februari akatia mtutu mpya. Kila kilichotoka alikifunga kwa karatasi, akakiandika jina na tarehe kama kifurushi cha posta, akakitia katika kopo la kahawa. Sijaharibu kitu, alijiambia. Vyote vipo.

Na alama zikapanda. Mia mbili sitini na tano, sabini na moja, sabini na nane. Tusimwonee, utamu ule hakuwahi kuuonja. Mwanamke aliyepanga barua za watu wengine miaka thelathini alikuwa akishuka zile ngazi na watu wanamsogezea nafasi. Nguo ya kuazima haisitiri matako, lakini hakuna anayekumbuka hilo siku anapoambiwa imempendeza.

Jumapili alikwenda kumtembelea Orrin katika nyumba ya wagonjwa. Kila mara alimkuta dirishani na mpira mdogo wa bluu katika kiganja cha kulia, anaukazia macho, vidole havitingishiki.

"Umepiga ngapi?"

"Sabini na nane."

"Ohoo. Na bastola?"

"Ipo vile vile."

Mwezi Machi ilibaki wiki moja kabla ya shindano la kombe. Verne, kinyozi wa mji na mtunza alama wa klabu, alimwangalia mkono wake akatikisa kichwa.

"Dada, unapigana na huo mpini. Kidole chako kinaogelea kwenye shimo la Orrin. Agiza mwingine."

Kuagiza ni siku kumi na mbili. Usiku ule ule alikaa kwenye meza ya jikoni, akachukua tupa. Alisita, hilo nakiri. Kisha akasema kwa sauti, peke yake, "Harudi." Ikamchukua nusu saa. Alipomaliza, mpini ulimkaa kama umezaliwa mkononi mwake, na vumbi la miaka thelathini ya kaka yake akalifuta kwa kitambaa akalitupa pamoja na maganda ya viazi. Vumbi halitiwi kopo.

Kombe alilichukua, kwa mia mbili themanini na nne.

Oktoba, simu ililia.

"Mdogo wangu," ulisema ule ulimi, mwepesi kidogo sasa. "Leo nimeuminya."

"Nini?"

"Mpira. Vidole vitatu. Jumanne nakuja klabu, Verne atanifuata kwa gari. Niletee tu bastola."

Ardis alikaa sakafuni, simu bado mkononi. Alikuwa na siku tano. Alifungua kopo la kahawa, akarudisha mtutu, akarudisha triga, akarudisha vyuma vya kulengea. Kisha akachanganya unga wa mbao na gundi, akakwama, kwa sababu hakujua mkono wa kaka yake ulikuwaje. Miaka sitini na minane ameushika, na hakujua. Alikwenda kwenye banda la Orrin akapata glovu yake ya kazi, akaijaza mchanga, akaikandamiza kwenye mpini gundi ikiwa bado laini. Aliuangalia ukikauka, akalia, maana hata yeye aliona kuwa ni uongo.

Jumanne Orrin aliteremshwa ngazi moja moja. Verne akasema, "Haya, mfalme karudi, ficheni pai," watu wakacheka kwa kufarijika. Akakalishwa kwenye kiti mbele ya meza ya kupigia. Ardis akamwekea bastola, tupu bado, kiganjani.

Vidole vilitambaa. Kimoja kikatafuta, kikapita, kikarudi. Kile kifupi kilipapasa mahali kitanda chake kilipokuwa, mara ya pili, mara ya tatu. Bastola ikainama, ikalala mezani. Orrin akaigeuza kwa mkono wa kushoto, akaona alama za tupa pembeni ambako gundi haikufika.

"Ulidhani sirudi," alisema, polepole, bila hasira.

Ardis alikuwa amejiandalia maneno mengi. "Ndiyo," alijibu. "Nisamehe, kaka."

"Hm." Alitazama karatasi ya shabaha, nyeupe, mbali. "Basi piga wewe. Nikuhesabie."

Alipiga kwa sababu alishindwa kukataa. Hakumbuki alipata ngapi. Anakumbuka ile kalamu katika mkono wa kushoto, ikiandika tarakimu za mtoto wa darasa la kwanza.

Jumanne iliyofuata Orrin alisema amechoka. Ile nyingine, vile vile. Jumapili Ardis alimletea mpini mpya, umbo la kiwandani, na mfuko wa unga wa mbao, akasema wataanza upya, baridi hii na nyingine, yeye atapiga msasa na Orrin ataelekeza. Orrin alimshukuru kwa adabu, kama mtu anavyomshukuru karani wa posta. Alikuwa dirishani, mikono yote miwili mapajani, mitupu.

"Mpira wako uko wapi, kaka?"

"Nimempa mbwa wa mpishi."

Ardis alichungulia nje. Mbwa alikuwa amelala kwenye theluji karibu na mapipa, akitafuna kitu cha bluu, anakigeuza, anatafuna tena.