Soipan na mwani wa sebuleni

Ni saa tatu asubuhi, mwezi wa Machi 2005. Soipan Kasaine amesimama juu ya stuli, mkono umezama hadi begani ndani ya tangi la kioo katika sebule ya mwajiri wake mjini Kitengela. Anasugua kioo kwa mswaki mkuukuu. Simu inalia. Khadra, mama mwenye nyumba, anaipokea, anasikiliza, kisha anaketi sakafuni. Mumewe Hilowle, mfanyabiashara wa ng'ombe, ameanguka mnadani Bissil na hakuinuka tena.

"Mkono wangu ulibaki kwa maji," Soipan anakumbuka. "Samaki walikuwa wananidonoa vidole, wakidhani nimewaletea chakula."

Tangi hilo la lita mia nne lilikuwa la Hilowle. Alilinunua mwaka 1998 baada ya kuona mfano wake katika hoteli moja Mombasa, akalijaza maji ya bahari, mawe, samaki wadogo na matumbawe laini, viumbe wanaofumbuka kama maua taa ikiwashwa. Wenzake wa mnadani walimcheka. Msomali, mtu wa ngamia, walisema, sasa anachunga vitu visivyo na miguu.

Soipan alifika hapo mwaka 2000, baada ya kiangazi kumwachia baba yake ng'ombe sita kati ya arobaini na mmoja. Aliajiriwa kufua na kupika kwa shilingi 3,500 kwa mwezi. Lakini kila alipofagia sebuleni, ufagio ulisimama mbele ya kioo.

"Mzee Hilowle akaniambia, 'Soipan, wewe unahesabu mifugo hapo,'" anasema akicheka. "Na kweli nilikuwa nahesabu. Mmoja alikuwa amepotea, nikamwonyesha amejificha nyuma ya jiwe."

Tangu siku hiyo Hilowle alimfundisha kazi yote: kupima chumvi, kusafisha pampu, kupokea madumu ya maji ya bahari yaliyoletwa na lori hadi Athi River. Miaka mitatu baadaye tangi likawa ndiyo kazi yake, na mshahara ukafika 6,000.

Khadra alikaa eda katika sebule hiyohiyo, miezi minne na siku kumi. Waombolezaji walikuja kutoka Garissa, Namanga na Eastleigh. Kila aliyeingia alielekezwa kwenye kopo la chakula cha samaki.

"Walisheni," Khadra aliwaambia. "Na hawa ni mayatima wa Hilowle."

Nani angekataa? Kopo ambalo marehemu alilitumia miezi miwili likawa linaisha kwa wiki. Kabla mwezi haujaisha, mawe yalikuwa yameota mwani wa kijani, mrefu kama nywele. Soipan aliung'oa kwa vidole, ndoo nzima kila Jumamosi. Kufika Jumatano ulikuwa umerudi. Matumbawe yalijifumba yasifumbuke tena.

Zakariye, mdogo wake marehemu, alisimama mbele ya kioo na kutikisa kichwa.

"Shemeji, hii si bahari tena. Hii ni silanga, bwawa la kunywesha mbuzi. Eda ikiisha tunamwaga, tunaweka kabati."

Usiku ule, Soipan anasema, alimsikia Khadra akilia kuliko siku ya mazishi.

Mwezi wa Mei, Soipan alipewa siku mbili aende kwao, nje kidogo ya mji wa Kajiado. Baba yake alimsalimu, "Takwenya," naye akaitika, "Iko." Kisha mzee akaanza utani wake.

"Hao ng'ombe wako wa majini wamezaa?"

"Wamemea nyasi, baba. Nyasi imewashinda."

Walikuwa wakipita penye boma lao la zamani, lililohamwa miaka mitano nyuma. Mbuga yote ilikuwa kavu. Pale tu, kwenye duara ambamo ng'ombe walikuwa wakilala, nyasi zilisimama kijani hadi magotini.

"Nilisimama hivi," Soipan anasema, mikono kiunoni. "Nimeona hiyo kitu tangu nikiwa mtoto. Ni samadi! Mimi nilikuwa nang'oa nyasi na sisi wenyewe ndio tunaiwekea mbolea."

Kuelewa kulikuwa rahisi. Kazi ilikuwa kumwambia mjane kwamba sadaka yake ndiyo inayoua tangi la mumewe.

"Mama Najah," alianza kumwambia Khadra, kikombe cha chai mkononi, "hawa samaki wanashiba. Chakula kinachobaki kinaoza chini, mwani unakula."

"Unaniambia niwanyime?"

"Nakuambia wako wachache, na mikono ni mingi."

Khadra aligeukia kioo. "Na mgeni akiuliza kopo, nimwambie nini, abaayo, dada yangu?"

Soipan alikuwa amejiandaa. Aliweka bakuli la mtama barazani ili wageni wawalishe njiwa, na kopo akalifungia kabatini. Akapunguza muda wa taa kutoka saa kumi na mbili kwa siku hadi saa nane, akabadilisha lita arobaini za maji kila wiki, akafyonza uchafu chini ya mawe, na kuagiza konokono kumi na tafi mmoja, samaki anayekula mwani, kwa basi la Mombasa. Kwa wiki tatu hakuona tofauti. Wiki ya nne ndoo ilijaa nusu. Siku mbili kabla ya eda kuisha, tumbawe la kwanza lilifumbuka.

Zakariye alipokuja na fundi wa kabati, aliangalia, akamlipa fundi nauli arudi.

Leo, miaka miwili baadaye, Soipan, 31, anatunza matangi mengine mawili, la daktari wa meno hapo Kitengela na la hoteli moja Namanga. Anaweka akiba ya kununua kifaa chake cha kupima maji, na mwakani anataka kumleta baba yake aone.

Sebuleni kwa Khadra, samaki wanalishwa mara moja kwa siku, saa nne asubuhi, kijiko kimoja cha chai. Anayewalisha ni Khadra. Jumapili hawali.