Gari la watu wawili: Dereva wa bandarini atafuta Jumapili yake

Saa mbili kasoro robo asubuhi, Rahima Mbwana anateremka kutoka tumboni mwa meli akiwa kwenye usukani wa gari lake la kumi na mbili tangu zamu ianze. Kiti kimefunikwa nailoni. Redio haiguswi. Mwendo hauzidi kilomita ishirini kwa saa, na mbele yake na nyuma yake kuna magari mengine yakifuatana kama wanafunzi wanaokwenda gwarideni.

Anaegesha kwenye mstari, anatoka, anafunga mlango kwa kiganja. Kisha analizunguka gari polepole huku akimsomea karani.

"Bampa ya nyuma, mkwaruzo mmoja, wa zamani. Mlango wa kulia, safi. Boneti, safi."

Haya si mapambo ya kazi. Mkwaruzo usioandikwa mapema huhesabiwa kuwa ni wa dereva, na mkwaruzo wa dereva hula ujira wa siku nzima.

Rahima, mwenye umri wa miaka 46, amefanya kibarua cha kushusha magari kwa miaka kumi na minne. Anakadiria kwamba yamepita mikononi mwake zaidi ya elfu ishirini. Hakuna hata moja lililokuwa lake, na mengi hakuyapeleka zaidi ya kilomita mbili.

"Gari za wakubwa nimeziendesha zote," anasema huku akifungua chupa yake ya chai kivulini. "Lakini gia ya nne, tangu nitoke shule ya udereva, naisikia kwa watu tu."

Sasa anatafuta lake. Na hapo ndipo majirani zake wa Mtongwe, upande wa Likoni, walipoanza kucheka, kwa sababu Rahima hatafuti gari la biashara wala la familia. Anatafuta gari la michezo, la viti viwili, la kutembelea Jumapili.

Mwandishi wa makala haya naye alitaka kucheka. Kisha akaelezwa jinsi nyumba yao inavyoishi.

Mume wa Rahima, Ismail Hassan, mwenye umri wa miaka 51, ni mlinzi wa usiku kwenye ghala moja huko Changamwe. Hutoka nyumbani saa kumi jioni na kurudi saa mbili asubuhi, wakati mkewe ameshaondoka. Rahima akirudi, Ismail yuko njiani kwenda lindo. Siku zisizo na meli humkuta amelala. Siku wanayokutana ni Jumapili, na Jumapili nyumba yao ina watu kumi na mmoja, ukianzia na mama mkwe, mashemeji, mawifi na watoto wao. Hapo wageni bado hawajabisha hodi.

"Hatugombani," anasema Ismail. "Lakini hatuna pa kuongea. Nikitaka kumwambia mke wangu neno, nangoja aende kuanika nguo, namfuata kambani. Hata huko watoto wanakuja."

Binti yao wa pekee, Sabah, ameolewa Kisauni. Baada ya harusi yake, miaka minane iliyopita, mke na mume walianza kuweka akiba. Rahima hupata Sh1,300 kwa siku ya meli, na kwa mwezi siku za meli ni kama kumi na nne. Ismail hulipwa Sh17,500 kwa mwezi. Mwaka huu akiba ilifika Sh580,000.

Pesa hizo, kila mtu aliyesikia habari zake alikuwa na ushauri. Wengi walisema wanunue gari la kubeba mizigo, liwaletee riziki. Ismail mwenyewe mwanzoni aliwaza hivyo, mpaka akakumbuka yaliyompata kaka yake.

"Kaka alikuwa na gari la watu saba," anasimulia. "Ijumaa lilikwenda harusini, Jumamosi matangani, Jumapili lilimpeleka mgonjwa na ndugu sita wa kumsindikiza. Mtongwe ukiwa na gari la viti vingi, si lako. Wewe ni dereva tu, na mafuta ni yako."

Na mgonjwa je, wao watamkatalia?

"Mgonjwa hakataliwi, kiti kimoja kipo," anajibu Rahima. "Lakini hao ndugu sita, wallahi, watapanda pikipiki."

Mama mzazi wa Ismail, Bi Mwanatabu, hakufurahishwa. Ana miaka 79 na haogopi kusema lake mbele ya mgeni.

"Gari la watu wawili ni gari la uchoyo," anasema akiwa kibarazani. "Wao lawatosha. Na mimi je, nikifa nitabebwa na nini?"

"Jeneza hubebwa mabegani, mama," Ismail anamjibu kwa upole.

Bi Mwanatabu anageukia upande wa pili.

Kuchagua kwenyewe kulichukua miezi mitano. Gari la kwanza lilikuwa Toyota Celica, huko Changamwe. Lilikuwa zuri, na bei ilikaribia mfuko wao, ila lina viti vya nyuma. Rahima alivitazama, akaamua kwamba ni vidogo lakini mawifi wakitaka wataingia. Wakaaga. La pili lilikuwa Toyota MR-S la viti viwili, lakini mwenyewe alitaka Sh870,000 na hakutaka kusikia habari za kupunguza.

Ikabaki aina moja tu, Mazda Roadster la zamani, ambalo tayari lina namba za Kenya. Ni gari dogo, lina gia za mkono na paa la turubai linalokunjwa kwa nyuma.

Kwa mtu wa Likoni, gari la namna hii lina swali lake maalumu: je, litapanda feri? Gari lililo chini sana husugua tumbo kwenye mlango wa feri, na ipo siku maji yakipungua mteremko unakuwa mkali kuliko kawaida. Njia ya Dongo Kundu, ya kuzunguka bila feri, ipo, lakini Rahima anataka kuwa na hiari ya zote mbili. Kwa hiyo kila alipokwenda kutazama gari alivua kandambili moja, akaisimamisha kwa ubavu, akaipitisha chini ya gari kutoka mbele hadi nyuma. Ikipita bila kuguswa, mazungumzo yanaendelea.

Mwezi wa tatu wa kutafuta, dalali mmoja wa Kisauni anayeitwa Mansur akampigia simu. Alikuwa na Roadster jekundu, Sh560,000.

Rahima alilizunguka mara mbili. Alitafuta mkwaruzo kama anavyotafuta kazini, akakosa. Rangi ilikuwa inang'aa, milango imekaa sawasawa, taa hazina ukungu. Kandambili ikapita. Akampa Mansur arbuni ya Sh20,000 ili asiliuze kwa mwingine, akampigia mumewe kumwambia Mwenyezi Mungu amejibu.

"Sikuuliza hata swali moja," anasema Ismail. "Nilijua mke wangu ndiye mjuzi wa magari."

Hata hivyo, kabla ya kulipa zilizobaki, Ismail alimwomba rafiki yake wa siku nyingi, fundi Munga, akalitazame. Munga ana gereji ya kuchomelea huko Ziwa la Ng'ombe. Alifika na gunia, akalitandika, akaingia uvunguni mwa gari. Rahima anakumbuka akimsikia akigonga hapa na pale.

Kisha ncha ya bisibisi ikatokeza ndani ya gari, ikiinua zulia, hapo hapo dereva anapoweka miguu.

"Mama Sabah," Munga aliita akiwa chini, "hili gari utaliendesha au utakimbia nalo?"

Sakafu ilikuwa imeliwa. Gari lilikuwa limekaa miaka kwenye kiwanja cha karibu na pwani, chumvi ikafanya kazi yake kwa chini, na kwa juu likapigwa rangi mpya. Mansur aliapa kwamba hakujua. Baada ya mabishano ya karibu saa nzima alirudisha nusu ya arbuni, na nusu nyingine akasema ni ya usumbufu. Usumbufu wa nani, hakusema.

"Nililia feri nzima," anasema Rahima. "Si elfu kumi iliyoniliza. Ningempakia mume wangu mle, tuvunjikie njiani, siku yenyewe ndiyo hiyo moja tuliyonayo. Na ningekuwa nimelichagua mimi."

Munga hamlaumu, ingawa hakosi kumtania. "Umkute Mama Sabah kwenye rangi, humwezi," anasema. "Mkwaruzo wa unywele atauona. Lakini chini haangalii. Aliinama pale na kandambili yake, akasimama. Angegeuza shingo kidogo tu angeona kutu imening'inia."

Rahima mwenyewe anakubali, na anavyolisema ni wazi kwamba bado linamuuma. "Miaka kumi na minne nalipwa kutazama rangi. Chini si kazi yetu, chini hatuandiki. Nikafikiri gari ni kile ninachokiandika."

Wiki sita zilipita bila yeye kutaka kusikia habari za gari. Mawifi walianza kuuliza, kwa sauti ya kutoa pole, kama sasa pesa hiyo haingefaa kuezekea jikoni. Rahima anasema alikaribia kukubali. Ni Ismail aliyekataa.

"Nilimwambia, jiko litaezekwa, lakini si kwa hii," anasema. "Jikoni wataingia watu kumi na mmoja."

Habari za gari la nne ziliwafikia kutoka soko la Kongowea. Mwenyewe, Bi Kafedha Ngala, ni mfanyabiashara wa vitunguu mwenye umri wa miaka 58. Alilinunua miaka sita iliyopita mwaka ambao vitunguu vilipanda bei, na anakiri bila haya kwamba alilinunua ili aonekane.

"Nimeonekana vya kutosha," anasema. "Sasa mgongo hautaki. Kulipanda ni rahisi, kutoka mpaka waje watu wawili wanivute."

Mwandishi alikuwapo siku Rahima na Munga walipokwenda kulitazama. Ni Roadster la rangi ya buluu, au lilikuwa la buluu. Kwa miaka sita limeegeshwa ndani ya stoo ya vitunguu, mahali mikokoteni inapopita asubuhi mpaka jioni, na kila mkokoteni umeacha alama yake. Paa la turubai limeshonwa sehemu mbili kwa uzi wa magunia. Ndani linanuka vitunguu.

Rahima alisimama mbali kidogo. Kisha, labda bila kujua, akaanza kulizunguka na kusoma kwa sauti, ingawa hapakuwa na karani.

"Bampa ya mbele, mitano. Mlango wa kushoto, minne, mmoja mrefu. Ubavu wa nyuma, sita na bonde."

Wachukuzi wawili walisimamisha mkokoteni wao kumtazama. Bi Kafedha alikunja uso. Rahima alifika mwisho: mikwaruzo thelathini na saba. Kazini kwake hiyo ni zaidi ya miezi miwili ya ujira. Akamtazama Munga kama mtu anayeomba ruhusa ya kuondoka.

"Umemaliza?" Munga alimuuliza. "Haya, sasa lala chini."

Alimtandikia gunia na kumpa bisibisi. Rahima alikunja buibui lake, akaingia uvunguni, na kwa robo saa kilichoonekana kwake ni miguu tu. Munga alikuwa akimwelekeza kutoka nje wapi agonge. Mlio ulikuwa mmoja kila mahali, mkavu na mzito. Stoo ile haivuji wala haipati upepo wa bahari, na fundi wa Bi Kafedha alikuwa akipaka mafuta mazito kwa chini kila mwaka.

Alipotoka alikuwa na vumbi mpaka kwenye kope. "Limekataa kutoboka," alisema, na kwa mara ya kwanza siku ile akacheka.

Bi Kafedha alitaka Sh530,000. Rahima akataja mikwaruzo yake thelathini na saba mmoja baada ya mwingine, safari hii kwa faida yake mwenyewe, na wakakubaliana Sh490,000. Zilizobaki zitakwenda kwenye bima, matairi mawili na turubai jipya. Rangi haimo kwenye orodha.

"Inaniuma kulitazama, siwezi kudanganya," anasema. "Juzi Ismail ameniona nimesimama nalo, kidole kwenye mlango, akaniambia, Mama Sabah, hakuna anayekukata ujira hapa. Basi nikaondoa kidole."

Siku gari lilipofika Mtongwe, Bi Mwanatabu hakutoka kibarazani. Watoto wa jirani walikuja kushangaa, mawifi walipima viti kwa macho, na mmoja aliuliza kama nyuma pale kwenye buti mtu hawezi kujikunja. Jioni, wanasema, bibi aliomba afunguliwe mlango. Alikaa kiti cha abiria dakika chache, akasoma dua, akasema linanuka vitunguu. Ilihitaji watu watatu kumtoa. Tangu siku hiyo neno uchoyo halijasikika tena nyumbani, ingawa Ismail anaonya kwamba ni mapema mno kusema limekwisha.

Jumapili ijayo ndiyo ya kwanza. Wamepanga kutoka mapema, washike njia ya kusini na waende mpaka watakapochoka. Ismail anataka wafike Lunga Lunga, Rahima anasema hata Msambweni inatosha. Simu zitabaki nyumbani, mikononi mwa Bi Mwanatabu, jambo ambalo wamelijadili kwa makini kuliko bei ya gari.

Rahima alipoulizwa anatarajia nini hasa kwa safari hiyo, hakutaja mwendo wala upepo. Alimtazama mumewe, ambaye alikuwa amekaa kibarazani baada ya lindo, kichwa kimeegemea ukuta na macho yameshafumba.

"Huyu bwana ana miaka kumi na moja ya lindo," alisema kwa sauti ya chini ili asimwamshe. "Nimemwona amelala kuliko nilivyomwona akicheka. Jumapili nataka aongee njia nzima. Hata akisema upuuzi, mimi naendesha, namsikiliza."