Beiti Isiyosemwa

Juzi nilialikwa maulidi Pangani, Kibaha, kwa jirani aliyehamia nyumba mpya. Baada ya alasiri akasimama msoma kaswida wa kukodiwa, kanzu inameremeta, kipaza sauti kakikumbatia kama mwizi wa kuku. Alipoanza tu niliacha kutafuna. Ilikuwa kaswida ya bibi yangu.

Hebu nikupeleke kwetu Kurui, rafiki yangu. Alhamisi mchana, wanawake wakishamenya mihogo, walinawa, wakaketi mkekani nyuma ya jiko la bibi, maganda mabichi yakinukia, wakaimba. Beiti zilitaja kiu, mlango, taa. Wakifika ile ya mwisho, pale mja anapokaribishwa kwa Mola wake, midomo yote ilifungwa. Walivumisha sauti kifuani tu, mpaka beiti ikaisha. Mimi nilidhani wamesahau maneno.

"Bibi, mbona hapa hamsemi?"

"Hapo hapasemwi, mjukuu wangu. Ukiona unaweza kupasema, jua hujafika."

Kuna siku mmoja wao alilia hadi akatetemeka. Hakuna aliyemuuliza kaona nini. Bibi alimpa mchi atwange, naye akatwanga mpaka akatulia.

Sasa huyu bwana wa maulidi kapajaza maneno pale mahali. Eti kamwona Mola, kamkumbatia, kazama katika bahari ya nuru, na kila akizama anafungua jicho moja kuangalia kama simu bado inamrekodi. Mzamiaji gani huyo asiyelowa? "Lieni jamani, msione haya!" akaamuru, na watu wazima na ndevu zao wakalia. Niliwadharau wote, sifichi.

Mbele yangu alikaa shangazi, wa mwisho aliyebaki kati ya wale wa mkekani, pamoja na mjukuu wake. Aliporudia beiti hiyo ya mwisho nilimtazama yeye tu. Akafumba macho, akafunga midomo, nikausikia ule mvumo wa Kurui, mwembamba, chini ya kelele za spika. Nilifurahi kama mtoto.

Mjukuu akamgusa kiwiko, kwa upole kabisa.

"Bibi, na wewe imba. Umesahau maneno? Njoo nikufundishe."

Shangazi akafumbua macho, akatabasamu, akayafuatisha maneno yale moja moja, kama mtoto wa madrasa. Ule ukimya sasa nimebaki nao mimi, na kifua changu kimejaa dharau. Hautapata pa kukaa.