Rafiki Aliyenisahihishia Kitabu

Juzi binti yangu alinisukumia kitabu chake cha Kiingereza. "Mami, hapa ni 'hard' ama 'hardly'?" Yaani, baba anafanya kazi kwa bidii, au hafanyi karibu chochote? Nilimjibu bila hata kufikiri, kisha hasira ikanipanda, hasira ya miaka mingi. Ngoja nikusimulie.

Tulikuwa tukiishi mtaa wa Shauri Moyo, mimi nikiwa darasa la nne. Kila jioni mimi na msichana wa mlango wa pili, ambaye pia nilikaa naye deski moja shuleni, tulienda kuchota maji kwenye mfereji wa ploti yetu ya vyumba vya kupanga, harufu ya maharagwe ya shosho, nyanya yangu, ikitufikia pale pale. Kiingereza kilikuwa kimemkataa kabisa. Nikawa namfundisha kwa kuwasengenya watu wa ploti: baba yake jana alirudi "late", amechelewa, shosho "lately", yaani siku hizi, anakoroma. Alicheka mpaka ndoo ikafurika, shosho akatupigia kelele, "Hayo maji mnamwagia nani?"

Kisha mwalimu akatangaza kwamba atakayeongoza kwenye jaribio ndiye atakayepanda basi kwenda mashindano ya Kiingereza katika shule kubwa upande wa pili wa mji. Mmoja tu. Wee, nililitaka lile basi! Shosho alinishonea kiwiko cha sweta kilichotoboka kabla hata hatujafanya jaribio.

Zilikuwa sentensi kumi, zote za kuchagua maneno yale yale. Tulipomaliza, mwalimu akasema kama kawaida, "Badilishaneni vitabu," kila mtu amsahihishie mwenzake. Changu kilirudi na nane. Chake, kumi. Nikatazama zile mbili nilizokosa: karatasi imesuguliwa raba karibu itoboke, na mwandiko si wangu. Nikalalamika. Rafiki yangu akainamia deski.

"Aliandika hivyo mwenyewe, mwalimu."

Mwalimu akaniambia niache wivu. Mimi!

Na unajua kilichoniuma zaidi? Alijua barabara neno lipi lingekuwa kosa, kwa sababu mimi ndiye niliyemfundisha.

Alirudi kutoka kwenye mashindano na kipande cha keki amenifungia kwenye karatasi. Nilikila chote mbele yake, hadi makombo, na sikumsemesha tena mpaka familia yake ilipohama.

Ploti ile imebomolewa, shosho naye alishatuacha. Sijui msichana yule yuko wapi, na bado nina hasira naye. Msaliti! Angeniomba tu. Ningekosa hizo mbili mwenyewe, makusudi, aende.