Salha, Aliyetusomesha Hisabati Akabaki Nje ya Mtihani

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Toka jana asubuhi naambiwa "Salha katutoka," na moyo wangu unakataa kabisa. Si juzi Ijumaa tu kanipigia simu, tukacheka!

Naandika kwa kidole kimoja na machozi yananiziba. Makosa mtanisamehe.

Wengi wenu mnamjua Bi Salha mwalimu, mtu mzima, miwani puani. Mimi namjua Salha wa dawati moja.

Tulisoma pamoja skuli ya wasichana hapa mjini Unguja, baada tu ya Mapinduzi. Yeye wa Mlandege, baba yake fundi cherahani. Mimi wa Kikwajuni.

Walimu wetu wengi walikuwa wageni, na mwaka ule, sisi tuko Fomu Tatu, wakaondoka mmoja mmoja. Wa hisabati aliondoka katikati ya muhula. Kesho yake tuliingia darasani, tukakaa tukingojea mwalimu mwengine. Hakuja mtu.

Wiki zikapita hivyo hivyo. Siku moja Salha akainuka akachukua chaki. "Mimi siwezi kukaa hivi, wallahi. Fungueni vitabu tuone."

Mwalimu mkuu alikuwa akipita nje. Akasimama dirishani, akasikiliza mpaka kengele ikalia. Tulijua tu atagomba. Akasema, "Salha, kesho utashika na Fomu Mbili."

Basi mtoto wa miaka kumi na sita akawa mwalimu! Asubuhi anawasomesha wadogo zetu, akimaliza anarudi kutusomesha sisi wenzake.

Kitabu kilikuwa cha Kiingereza na maswali ya huko huko. Treni mbili zinatoka miji miwili, zitakutana wapi? Kwetu treni hakuna, na mwenzetu mmoja akauliza kwa dhati, "Kwani hizo treni haziwezi kupishana?" Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Salha hakucheka. Akafuta ubao. "Haya. Baskeli mbili. Moja inatoka Bububu, moja inatoka Mkokotoni." Mikono ikapanda darasa zima.

Na alivyokuwa akisahihisha! Yule mwalimu aliyeondoka, kwake ni sawa au sifuri, hakuna cha katikati. Salha atakaa na wewe, peni mkononi. "Mpaka hapa njia unaijua. Hapa ndipo ulipopotea. Rudi hapa hapa, usianze upya."

Mimi nilikuwa mtu wa sifuri. Siku aliyonipa alama kwa ajili ya njia, juu ya kuwa jawabu nimekosa, nilikwenda nyumbani nikamwonesha kila mtu mpaka majirani.

Tukafika Fomu Nne. Mtihani ule ulikuwa ukitungwa Ulaya, na ukianguka ndiyo basi tena, masomo yamekwisha. Salha alitaka uinjinia. Alinambia, "Rukia, mimi ntajenga madaraja."

Nikamwambia, "Unguja hii kuna mito gani ya kujengewa madaraja?"

"Basi ntakwenda iliko mito."

Karibu na mtihani akaitwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Nikamsindikiza, nikasimama mlangoni. Nilisikia kila neno. Jina lake halikupelekwa. Yeye sasa ni mwalimu, na mwalimu hatahiniwi pamoja na wanafunzi wake. Halafu akipita akenda zake masomoni, hisabati itasomeshwa na nani?

Alijibu, "Naam, mwalimu." Basi. Mpaka leo hiyo "naam" inanichoma.

Asubuhi ya mtihani alikuja vile vile, sare imepigwa pasi. Bikari yangu ilikuwa imelegea, akanipa yake. Tukaingia, mlango ukafungwa, yeye akabaki barazani.

Tulipotoka alitudaka. "Swali la nne wamesemaje?" Nikamsomea. Akalifanya pale pale kwa kichwa, akalipata. Alifurahi, jamani! Kisha akageuza uso, akajifuta macho kwa kiganja.

Sote tulipita hisabati. Mimi nikenda uuguzi, wengine wakenda kwengine. Salha akabaki na chaki. Kila mwaka anaomba naye afanye mtihani, kila mwaka anaambiwa subiri kidogo.

Alikuja kuruhusiwa mwanzo wa miaka ya sabini, alipoletwa mwalimu mkuu mpya. Akakaa chumba kimoja na watoto aliowasomesha mwenyewe. Msichana mmoja alipomwona dawatini akaropokwa, "Shikamoo mwalimu!" Msimamizi akawaka. Salha akaitikia kwa sauti ya chini, "Marahaba, fanya kazi yako."

Alipita juu kabisa. Akapeleka matokeo wizarani kuomba nafasi ya masomo ya nje. Wakamwambia nafasi zile ni za wanaomaliza skuli, umri wake umepita.

Alikuja hospitali, mimi niko zamu, akaniita nje. "Rukia, wamesema n'shakuwa mkubwa." Hata miaka ishirini na tano hakuwa nayo! Alilia begani kwangu mpaka kofia yangu ya unesi ikaanguka. Nilimshika tu.

Asubuhi iliyofuata alikuwa ubaoni. Akaolewa, akazaa, akasomesha mpaka akastaafu. Kwa ukali wake na kicheko chake nyinyi wenyewe ni mashahidi. Lakini madaraja hakunitajia tena maisha yake yote.

Jana nilikuwa miongoni mwa waliomuosha. Nimefanya uuguzi umri wangu wote, nikadhani nitaweza. Nilipofika mkono wa kulia, ule wa chaki, nikashindwa. Binti yake akanambia, "Bi Rukia, nipishe, ntamaliza mimi."

Bi Rukia. Mama. Bibi. Wote mnaniita hivyo, na heshima yenu naipokea kwa mikono miwili.

Lakini Salha, duniani ulibaki wewe peke yako wa kuniita Rukia tupu. Nani ataniita sasa?

Mola akupe kauli thabiti, akunyooshee kila njia. Lala, shoga yangu. Lala salama.